Askari alimvunja mdogo wangu mkono, kisha nyumbani likaletwa jani la isale

Wakuu, poleni na majukumu. Ninayosimulia yametokea kwetu, sijaongeza chumvi.

Nianze kwa kukiri. Kijijini Old Moshi nimekana kwa miezi kwamba mimi ndiye niliyemlalamikia yule askari. Ni mimi.

Mdogo wangu Elibariki ni mpagazi wa mlimani. Askari alimkamata mjini, eti kamjibu vibaya, akampiga rungu kituoni hadi mkono ukavunjika.

Mama alikuwa amempelekea chakula. Aliona kila kitu dirishani. Ndiye shahidi wetu pekee.

Ili dogo atibiwe, tukaomba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituo kilekile. Tulishukuru, kabisa!

Nikaandika malalamiko. Si nina digrii? Nikaweka utangulizi, historia ya haki za binadamu, na hitimisho. Afisa aliyepokea alifunua kurasa, akafunua tena.

"Dada, alipigwa ukurasa wa ngapi?"

Nikaandika upya, ukurasa mmoja. Wakili niliyemweka naye akapeleka notisi ya kusudio la kushtaki.

Hapo presha ikapanda. Pikipiki isiyo na namba ikawa inapita taratibu getini kwangu. Simu inaita, ukipokea mtu anapumua tu. Ndiyo maana nilikana.

Jumapili moja, mama mzazi wa askari akaja kutoka Kilema na jani la isale, moja kwa moja kwa mama yangu.

Kwa wasio Wachagga: ukiletewa isale unaombwa msamaha, na kulikataa ni kujitafutia mkosi. Hata sisi walokole tunaliogopa kimyakimya.

Elibariki akanipigia. "Dada, Mama amelipokea."

Aliyepokea isale amesamehe, hatoi ushahidi tena. Bila Mama hakuna kesi.

Nilichojifunza: ukiumizwa na askari, wahi hospitali, tunza kila karatasi, na malalamiko yawe mafupi. Waliowahi kushtaki, mlimlindaje shahidi wenu? Nisaidieni hapo chini.

Sasa mwisho wake. Nimeshika simu nimwambie wakili aache, ikaita. Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wakili wako ananitaka lini?"

"Mama, si umepokea isale?"

"Nimepokea. Kaleta mama yake, nimemsamehe yeye kwa kumzaa. Huyo mwanawe mbona sijamwona? Niambie siku, nipige pasi kitenge."