Vumbi Si Mzigo

Bochaberi alianza kubeba mawe ya Tabaka, yale laini ya kuchongea vinyago, akiwa darasa la sita. Aliyatoa machimboni mgongo umepinda, akayafikisha kwa wachongaji, akarudi nyumbani na kipande cha sabuni au chumvi. Alipoolewa, kazi yake ikawa kusugua vinyago kwa msasa ndani ya karai la maji, mpaka alama za vidole vyake zikafutika. Siku alipokwenda kuchukua kitambulisho kipya, mashine ilimkataa mara saba. Mumewe alipofariki, aliacha kusugua akaanza kuuza: sahani, vinyago vya tembo na viboko, vikombe vya tuzo kwa shule za Kisii na Nyamira. Miaka tisa alisafirisha mali yake kwa magari ya kukodi, na hakuna safari iliyopita bila kushusha tembo aliyekatika mkonga.

Ndiyo maana alipofikisha miaka hamsini na mitatu alinunua pikapu. Mpya kabisa. Maisha yake yote, hakuna kitu alichokuwa nacho ambacho hakikupitia kwanza mikononi mwa mtu mwingine, na wiki ya kwanza alikataa kuondoa nailoni kwenye viti.

Aliyempeleka dukani ni Mokua, kijana wa kijiji chao. Mokua alipokuwa sekondari alikaa kwa Bochaberi miaka miwili, akila ugali wa nyumba ile na kulala chumba kimoja na mwanawe Ongeri. Sasa alivaa shati lenye nembo ya duka la magari mjini Kisii, na kazi yake ilikuwa kupokea magari yaliyoletwa kutengenezwa na kuandika ripoti.

"Mama Ongeri, chukua kwetu," alimwambia. "Waranti ni miaka mitatu. Kitu kikiharibika, mimi si niko?"

Mwezi wa kumi na moja tangu alinunue, gari likaanza kugonga. Alikuwa anapeleka vikombe vya tuzo Nyamira, na kila alipovuka tuta alisikia *ko* chini ya mguu wake wa kushoto, kama mtu anayebisha hodi kutoka ardhini. Baada ya siku chache usukani ukaanza kuvuta upande. Akalipeleka kwa Mokua, hana wasiwasi.

Waliliinua, wakachungulia, wakapiga picha. Jioni Mokua alimletea karatasi. Mkono wa chini unaoshika gurudumu la kushoto umepasuka, bushi zake, ile mipira ya maungio, zimeisha. Sababu: kubebeshwa mzigo kupita kiasi. Waranti haihusiki.

"Mzigo gani?" Bochaberi akauliza.

"Mawe, Mama."

"Mimi nabeba mawe? Mokua, wewe ulikaa kwangu. Mimi nabeba vinyago vimefungwa na majani makavu ya ndizi."

Mokua akageuza simu amwonyeshe picha. Ilikuwa sehemu ya nyuma ya pikapu yake, na kwenye pembe zote vumbi jeupe la Tabaka, laini kama unga.

"Hilo ni vumbi," Bochaberi alisema. "Vumbi lina kilo ngapi?"

Mokua akazima simu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kesho yake Bochaberi alirudi na karatasi za mizani. Kila katoni iliyopakiwa kwenye gari lake hupimwa kwanza, maana wanunuzi wake hutaka hivyo, naye alikuwa amezihifadhi zote ndani ya Biblia kuukuu. Hakuna safari hata moja iliyofika nusu ya mzigo unaoruhusiwa. Meneja wa tawi, mtu mpole mwenye sauti ya mchungaji, alizipokea kwa mikono miwili na kumwambia zitatumwa makao makuu. Wiki mbili zikapita. Aliporudi, akaambiwa makao makuu yameona kwamba mizani hiyo si yao.

Ndipo akaenda kwa Gibson, fundi wa gereji ya wazi mjini. Gibson alilala chini ya gari na tochi mdomoni, asifungue hata nati moja. Alipotoka alikuwa anacheka, lakini si kwa furaha.

"Mama, njoo uone. Hapa walipochomelea, ufa umeingia. Sasa angalia ndani ya ufa. Unaona nini?"

"Rangi."

"Rangi ya kiwanda. Rangi imeingiaje ndani, kama ufa haukuwapo siku wanapaka? Hii gari ilizaliwa imevunjika."

Akaupiga picha ule ufa kwa simu ya Bochaberi. Bochaberi alitembea hadi dukani kwa miguu, ameshika simu kama mtu aliyebeba yai. Mokua aliitazama ile picha muda mrefu. Akaikuza kwa vidole viwili, akairudisha, akaikuza tena. Bochaberi alimwona akielewa.

Meneja ndiye aliyesema. "Nani alipiga hii? Fundi wa nje? Mama, ukurasa wa kumi na nne: gari likiguswa na fundi asiyeidhinishwa, waranti inakufa."

"Hakugusa. Aliangalia tu."

"Sisi tutajuaje?"

Mokua alimsindikiza hadi mlangoni. Akasema kwa Ekegusii, lugha ya kwao, chini chini, kwamba ana watoto wawili na mke mjamzito. Bochaberi alimwambia kwamba yeye pia alikuwa na mtoto, na bado akapika kwa ajili ya wawili.

Pikapu ilikaa uani mwezi mzima. Alirudi kukodi magari. Vikombe vya shule moja ya Nyamira vikafika vishikio vimekatika, na mwalimu mkuu akamwambia mwakani watanunua vya plastiki. Mteja wa Nairobi anayepeleka mali ng'ambo akapiga simu: kama katoni hazitafika kufikia Ijumaa, atachukua kwa mtu mwingine. Jumatatu ya wiki hiyo meneja naye akapiga. Duka limeamua kumsaidia, kwa wema tu. Watabadilisha kila kitu bila malipo. Aje atie sahihi.

Karatasi ilikuwa fupi. Ilisema mteja anakubali kwamba uharibifu ulitokana na yeye kuzidisha mzigo. Bochaberi akaisoma mara mbili. Akachukua kalamu, akaandika jina lake, na chini yake akaongeza: *Nimetia sahihi kwa sababu nahitaji gari. Si kweli.*

Meneja akatabasamu. "Mama, umeharibu karatasi." Akachapisha nyingine.

Ile ya pili aliitazama muda mrefu. Aliziwaza zile katoni sitini zilizopangwa sebuleni kwake, na wachongaji kumi na mmoja wanaongojea pesa zao kwake. Akatia sahihi tu, bila kuongeza neno.

Kazi ilichukua saa mbili. Kupitia mlango wa stoo alimwona Mokua akishusha boksi refu la ile spea ya gari lake, na nyuma ya boksi hilo mengine yanayofanana nalo, yamepangwa hadi karibu na dari.

"Mbona mko nazo nyingi hivyo?"

"Zinatoka sana, Mama."

"Kwa wote wanaobeba mawe?"

Mokua akafunga mlango wa stoo.

Katoni zilifika Nairobi Alhamisi. Gari halikugonga tena. Watu wa Tabaka walimpongeza kwamba amewashinda wale wa duka, naye akawaacha wapongeze, kwa kuwa kueleza kulimchosha kuliko kunyamaza.

Miezi mitatu baadaye alipigiwa simu na mwanamke asiyemjua, Emily, mwalimu wa Marani. Ana pikapu ya aina hiyo hiyo, inagonga upande huo huo. Yeye hubeba vitabu na ndizi za mama yake, basi. Duka limemwambia amezidisha mzigo, na alipobisha, meneja akamtolea karatasi.

"Ameniambia hata Mama Bochaberi wa Tabaka alibisha hivi hivi, mwisho akakubali makosa yake," Emily alisema. "Nimeona jina lako, namba ya simu na sahihi. Nikasema wacha nimuulize mwenyewe. Ni yako?"

Bochaberi alikuwa amesimama uani, mikono imejaa vumbi.

"Ni yangu."

"Kwa hivyo ulizidisha?"

"Hapana. Sikuzidisha hata siku moja. Nina karatasi za mizani, nina picha. Naweza kuja nawe Kisii kesho asubuhi, niwaambie mbele yako."



"Utawaambia nini, Mama," Emily akasema, bila ukali, "na ulishawaandikia?"

Akakata simu. Bochaberi alimpigia siku hiyo mara nne, na kesho yake mara mbili. Emily hakupokea.