Ndege Iliyokuwa na Masikio

Nakumbuka Jumamosi moja hapa London, mjukuu wangu, kiti kilinikataa. Nikikaa nainuka, nikiinuka nachungulia dirishani, kama mtu aliyeingiwa na siafu ndani ya suruali. Shule mimi niliipitia mlangoni tu, kwa hiyo usitarajie nikupangie maneno. Yafuate yanavyokuja.

Rafiki yangu Sudi alikuwa amenijia mbio kutoka mtaa wa Peckham. Enzi hizo kupiga simu nyumbani ni kupanga foleni kwenye kibanda cha barabarani, na ukiipata laini unapiga kelele kana kwamba Mombasa wakusikie bila waya. Sudi alikuwa foleni, nyuma ya mchumba wangu Rukia, nesi. Akamsikia akisema humo ndani kwamba hamtaki, mrudishieni posa yake, amechoka kumwonea haya. Na harusi yetu i mlangoni!

"Lisemwalo lipo," Sudi akaniambia. "Vunja wewe kwanza, usije ukavunjiwa."

Nikaona ana akili. Nikavaa koti, tukaenda kwa Mzee Hamadi, aliyesimama mahali pa baba yangu katika posa ile, maana huku ugenini sikuwa na jamaa. Chai yake ilikuwa sukari tupu, Mungu amrehemu. Ujanani alifanya kazi katika jeshi la anga la hapa, ndani ya ndege ya kusikiliza.

Ndege ile nayo ina maisha yake. Ukoo wake ulianza kwa kubeba abiria. Za mwanzo zilipasuka angani, watu wakafa, mafundi wakajifunza kwa uchungu. Baadaye jeshi likachukua kiwiliwili kile, likakitia tumbo kubwa, kikawa cha kuwinda nyambizi. Kisha chache wakazijaza redio. Hizo hazikuangusha bomu; zilirandaranda pembeni mwa mipaka ya watu zikitega sikio, na wakubwa wakisema ni za kupimia rada tu. Unacheka? Serikali nayo ina haya zake. Mle ndani walikaa safu, visikizio masikioni, kama mafundi cherehani. Alichokisikia Mzee Hamadi alikwenda nacho kaburini. Desturi ya kazi tu ndiyo aliyotuambia: umsikiaye umwandike, na upande usiousikia uuache mweupe.

Siku ile hakunitazama mimi. Alimtazama Sudi.

"Aliyekuwa upande wa pili wa simu alisemaje?"

"Nitamsikiaje, mzee, naye yuko Mombasa?"

"Basi umeleta nusu karatasi, nusu ya pili umeijaza mwenyewe. Sisi mtu kama wewe tulimteremsha kwenye ndege. Kwa nusu kama hiyo watu hurushiana mabomu." Ndipo akanigeukia. "Na wewe bwana harusi, koti hilo la kwenda wapi? Nenda kwa mwenye maneno."

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini mwambie hayo mtu aliye ndani ya basi la Thamesmead, alikokaa Rukia. Kila kituo nilisimama nikitaka kushuka. Rukia alinifungulia akiwa bado na sare ya hospitali. Nikamuuliza. Akanieleza kwamba mjomba wake kule nyumbani alipokea posa ya mwenye duka mmoja bila kumuuliza, na asubuhi ile alikuwa akimkataa huyo, kwa ajili yangu.

"Na wewe ungevunja?" akaniuliza.

Koti lilikuwa bado mwilini.

Huyo ndiye bibi yenu, anayewakaangia mandazi. Mpaka leo akikasirika hulitaja koti lile.

Ndege ya namna ile sasa iko kwenye makumbusho, nimekwenda kuiona na wajukuu wenzako. Imenyamaza kabisa. Vibanda vya simu navyo vimekwisha, lakini kila mmoja wenu ana Sudi wake mfukoni. Unatumiwa sauti ya mtu iliyokatwa mwanzo na mwisho, na kabla chai haijapoa umekwisha kuvaa koti.

Mwanangu, ukisikia nusu, iache iwe nusu. Usiijaze kwa hofu yako, wala kwa maneno ya mtu wa foleni. Nenda kwa mwenye maneno, hata kama miguu inataka kurudi. Mungu akupe masikio mapana na ulimi mzito, na kila mlango utakaoubisha ukiwa na wasiwasi, akufungulie mtu mwenye upande wake wa kukuambia. Amina.