Nyati wa Mwisho

Katika posa zote alizosimamia, na zilipita mia, mshenga Maran Zau Ring hakumaliza hata moja. Ndivyo Wakachin, watu wa milima ya kaskazini, wanavyooana: wazee wanakubaliana, wanakula, wanakunywa pombe ya mchele, ila nyati mmoja wa mahari anaachwa makusudi bila kulipwa. Huyo ndiye sababu ya kurudi kubisha hodi mwakani, na nyumba zinazobishiana hodi hazivunji undugu.

Serikali na majeshi ya makabila ya milimani walipotafuta mtu wa kupeleka maneno ya kusimamisha vita, wakamfuata yeye. Makundi matano yalikuwa yameapa kutia sahihi mkataba kwa pamoja. Kanali wa serikali akakubali manne. La Wata'ang, wakulima wa chai wa kusini, akalikataa katakata.

Roi Ji, binti pekee wa Zau Ring, alikuwa ameolewa huko kwa Wata'ang.

"Tieni sahihi," mzee aliwaambia makamanda wa Kachin. "Wata'ang ndio nyati wetu wa mwisho. Tutarudi kwa ajili yao."

"Wewe na nyati wako," kamanda mmoja akacheka. "Haya, mshenga, tumekuamini."

Makundi yote manne yakatia sahihi. Mizinga ikanyamaza, na jirani akamletea Zau Ring kuku wa shukrani. Kuku hajachinjwa bado, Roi Ji akapiga simu.

"Baba, malori ya jeshi yanapanda huku. Yamejaa tope jekundu. Hilo tope si la kwenu?"

"Toka na watoto, mwanangu. Toka sasa hivi."

"Nipite wapi? Barabara ndiyo hiyo hiyo moja. Na wewe si ulisema mtarudi kwa ajili yetu?"

Simu ikakatika. Mzee akapiga tena na tena mpaka betri ikaisha, asimpate.

Asubuhi akafunga kilemba chake cha ushenga, akaenda kwa Kanali.

"Nimekuja kwa habari ya yule nyati."

"Nyati gani tena, mzee wangu? Mambo si yalikwisha?" Kanali hakuwa na hasira hata kidogo. "Askari wangu wa huku walikuwa wamefungwa mikono na vita vyenu. Wewe ndiye uliyewafungua. Kunywa chai."

Ilikuwa chai ya Wata'ang. Mzee akainywa yote, maana mshenga hakatai kikombe, na alikuwa bado hajaomba njia ya kwenda kwa mwanawe.

Akaiomba. Akanyimwa.