Siku Niliyoomba Msamaha wa Kosa la Mzee Ndekirwa

Naona aibu kuisimulia hii, na si aibu ya kuchekacheka, ni ile ambayo mpaka leo nikimwona barabarani mtu yeyote aliyekuwepo Uru Jumapili ile navuka upande wa pili na kujifanya natafuta duka. Lakini mmeniuliza kwa nini sipiti mbele ya hoteli ya Mzee Ndekirwa hata mvua ikinyesha, basi kaeni niwaambie, na yeyote atakayecheka kabla sijamaliza anitokee hapa.

Mimi ni mpishi. Miaka ile ya tisini, hoteli zilipoanza kuota kila kona ya Moshi kwa sababu ya watalii wa mlima, nilifanya kazi miaka minne kwa huyo Mzee Ndekirwa, mtu mzito, mtu wa parokia, mwenye sauti ya upole mpaka akikugombeza unashukuru. Siku moja akaniambia, "Fredi, acha jiko langu, panda kijijini kwetu Uru ukapike kwenye sherehe ya kumuaga mpwa wangu anayeolewa, wageni wa hapa niachie mimi." Nikapanda. Jioni wakashuka watalii kumi na wanne kutoka mlimani, wana siku sita hawajala chakula cha maana, wakakuta jiko limepoa na mzee mwenyewe hayupo, kwa sababu alikuwa kule kule Uru anacheza mbele yangu (nyama yake nilimpakulia mimi, kwa mkono huu). Kampuni iliyowaleta ikaja juu, na mzee akahitaji mtu wa kumtupia lawama. Akasema mpishi wake alilewa akalala. Mimi, ambaye mbege, hiyo pombe yetu ya ndizi, siionji, na si kwa utakatifu, tumbo langu tu halielewani nayo! Akanifukuza.

Kufukuzwa ningekumeza. Kilichonichoma ni kilichofuata. Hoteli ya kwanza niliyoomba kazi walisifu pilau langu, wakapiga simu kwa mwajiri wangu wa zamani, kesho yake wakaniambia nafasi imejaa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, dada wa mapokezi alinifuata mpaka getini akaninong'oneza, "Kaka, huyo mzee uliyemwandika kuwa mdhamini wako, mfute. Anasema kupika unajua sana, tatizo ni chupa. Tena anasema kwa huruma, anaomba tukuombee."

Waniombee! Nilitembea kutoka pale mpaka nyumbani nikiongea peke yangu kama kichaa. Na kumfuta ningemfutaje, wakati miaka minne yote nimepika kwake na Moshi nzima inajua? Miezi saba nikakaa bila kazi, mpaka mke wangu akaacha kuniuliza nimefikia wapi, na nawaambia, kutoulizwa kunauma kuliko kuulizwa.

Ndipo nikampata Mama Teodora, meneja wa hoteli mpya njia ya Marangu. Alionja mtori wangu, akaonja tena, akafuta sahani kwa kidole (meneja huyo!), akasema, "Baba, nimekuchukua. Jumatatu nitampigia tu Mzee Ndekirwa kukamilisha utaratibu." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nikakimbilia kwa shangazi yangu Ndeanasia, nikamkuta anapalilia migomba. Alinisikiliza bila kuacha jembe, akasema, "Peleka isale." Isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na kwetu ukimpelekea mtu isale kuomba suluhu, hata kama ulimuulia ng'ombe, hawezi kukataa, na akishalipokea maneno yamekwisha, haruhusiwi tena kukusema vibaya.

"Lakini shangazi, mimi ndiye niliyekosewa!"

"Unataka haki au unataka kazi?"

Akasema atamtuma mzee mmoja wa ukoo alipeleke Jumanne, wakae watu watatu wayamalize kimya kimya. Jumanne! Na simu ni Jumatatu! Hapo ndipo akili yangu ilipokwenda likizo, maana nilikumbuka kwamba Jumapili Mzee Ndekirwa ana sherehe ya kipaimara cha mjukuu wake kule Uru, nikaona nitalipeleka mwenyewe, mbele ya watu, akose pa kukimbilia. Uamuzi mdogo tu, wa dakika moja, tena niliupongeza njia nzima.

Nilifika na suti ya harusi yangu (kifungo kilishagoma siku nyingi) nikaingia kwenye foleni ya zawadi, nyuma ya mama mmoja aliyebeba godoro. Mbele mabeseni, mablanketi, mbuzi. Mimi na jani langu. Mshereheshaji aliponiona akazima muziki. "Na huyu katuletea nini jamani?" Wazee wa meza ya mbele waliliona isale wakaacha kutafuna. Nikainama, nikalishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Nimekuja tuyamalize."

"Marahaba mwanangu," akasema, na alilipokea upesi mno. Nilipaswa kushtuka. Akachukua kipaza sauti. "Ndugu zangu, wengi mnamfahamu kijana huyu. Pombe ilimharibu. Leo kwa hiari yake amekuja kukiri mbele yenu na mbele ya Mungu. Mimi ni nani hata nisimsamehe?"

Vigelegele! Wanawake walisimama, mzee mmoja akafuta machozi, na mimi bado nimeinama nasikia kichwa kinachemka, maana nilielewa papo hapo nilichokifanya: anayeleta isale ndiye mkosaji, kila mtu pale alilijua hilo tangu utotoni, nami nilikuwa nimetembea kwa miguu yangu kwenda kujitia hatiani. Nikainua macho, na meza ya pili namwona nani? Mama Teodora, anapiga makofi polepole, amenikazia macho.

Hapo nikapandwa na hasira mpaka sioni mbele. "Nirudishie isale langu!" Nikalidaka. Yeye akavuta, mimi nikavuta, watu wakapiga mayowe, mzee mmoja akanguruma, "Wee! Isale halirudishwi!" na jani likachanika, nusu likabaki kwake, na mimi na nusu yangu tukaenda kinyumenyume mpaka kwenye meza iliyobeba pipa la mbege. Sikuliangukia, ndugu zangu. Liliniangukia lenyewe. Mbege yote, kutoka utosini mpaka kwenye soksi, na machicha ya ulezi yameingia masikioni.

"Jamani!" akasema mshereheshaji. "Kumbe hata dakika tano hajamaliza!"

Turubai nzima ikalipuka kwa kicheko. Nikasimama nanuka kilabu kizima napiga kelele, "Sijalewa! Mimi sijalewa!" na mnajua wenyewe ni watu gani hupiga kelele za namna hiyo. Mama Teodora alipita karibu yangu akielekea nje, akanipa kitambaa cha mezani, akasema kwa upole ulionimaliza, "Pole baba. Ukipona, uje tuzungumze."

Ukipona.

Jumatatu hakupiga simu. Ya nini? Lakini subirini, kwa sababu mzee yule mila aliishika barabara. Mwaka uliofuata nikaomba kazi Arusha, mwenye hoteli akampigia, na baadaye akanieleza alichojibiwa: "Fredi? Hapana, sina neno baya juu yake. Alinikosea, akaja kuniangukia mbele za watu, nikamsamehe. Yamekwisha." Mnaona? Zamani nilikuwa nasingiziwa, na anayesingiziwa anaweza kubisha. Sasa nimekiri, na mashahidi ni kata nzima.

Siku hizi napikia watalii huko juu mlimani, ambako mwongozaji hakuulizi barua ya mtu, anauliza kama uji umechemka. Na nimeapa: msamaha nitaomba, wa makosa yangu, hata mara kumi kwa siku, mke wangu shahidi. Wa kosa la mtu mwingine siombi tena, si kwa isale, si kwa kazi, si kwa ushauri wa shangazi yeyote.

Na kila Krismasi, watu wanapopanda kwenda makwao, Mzee Ndekirwa hakosi mtu wa kumpa salamu zangu: mwambieni Fredi sina kinyongo naye. Yeye, jamani! Yeye ndiye hana kinyongo na mimi!