Bandeji ya Dani

Harufu ya kapsuli ya dawa ikifunguliwa, ile chungu inayokwama kooni, bado hunipandisha hasira.

Nyanya yangu, niliyemwita Dani kama Wajaluo wanavyowaita nyanya zao, alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu tangu kabla sijazaliwa. Tuliishi mtaa wa Mashimoni. Kila Jumanne nilikosa shule ili aniegemee begani hadi kliniki ya vidonda mtaa wa Laini Saba. Hapakuwa na daktari pale, ila Sista Rose, muuguzi mwenye mikono baridi na sauti ya kusikika sokoni. Alikiosha kidonda, akaufunga mguu kwa bandeji ya kubana kutoka vidoleni hadi gotini, akaonya, "Nyanya, usifungue mpaka Jumanne."

Kikaanza kupungua. Nilikuwa na miaka tisa, nikikipima kwa macho: kifuniko cha soda, kisha ukucha wa kidole gumba.

Jumapili moja wanawake wa kanisa walikuja wakasema mguu uliofungiwa huoza. Dani akafungua, wakanyunyizia unga wa kapsuli, akafunga tena mwenyewe. Nilipomkumbusha onyo la Sista, aliniuliza kama mimi ndiye daktari.

Jumanne unga ulikuwa umegandana na usaha, kidonda kimepanuka tena.

"Nani amefungua hii?" Sista aliuliza.

Dani akatazama ukuta. "Si ni huyu mtoto. Anachezea kila kitu."

"Ni uongo!" Nikapiga beseni teke, maji ya chumvi yakamwagikia viatu vya Sista. Dani akanizaba kofi mbele ya foleni nzima.

Sista alinivuta nje. "Najua si wewe. Hilo fundo ni la mtu mzima. Lakini nikimwaibisha hapa, harudi tena."

Basi nikabeba lawama. Kwa miezi, wagonjwa kwenye benchi waliniita mfungua bandeji, na Dani akacheka nao.

Hatimaye kidonda kilipona. Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza kwamba zamani, katika hospitali moja, Dani alifokewa mbele ya watu kuwa ananuka na anapenda uchafu. Aliondoka, akakaa miaka bila kutibiwa. Sista alilijua hilo, mimi sikulijua. Nikimfikiria yule aliyemfokea, nasaga meno. Lakini sitawadanganya: hata Dani bado namkasirikia. Alikufa na miguu yake yote miwili, na hakuwahi kuniambia pole.