Mnazi wa Kitovu Changu

Maisha yangu yote kazi yangu ni kuwaandalia wageni safari za porini: mahema, masufuria, maji, mpishi. Wanalipenda pori letu la kusini mwa Pangani kwa sababu wanaambiwa halijawahi kukaliwa na mtu. Halijakaliwa! Na ile minazi ilijipanga mistari yenyewe?

Kijiji chetu kilihamishwa kupisha wanyama. Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa na hapo hupandwa mnazi. Wangu bado unazaa, na mwezi uliopita nilipiga kambi ya wageni karibu nao. Nazi ikaanguka, nikainama kuiokota. Askari wa hifadhi akaja mbio.

"Shikamoo, mzee," akasema kwa adabu. "Iweke chini hiyo nazi. Si mali yako."