Mtani Aliponyamaza

Mkononi walinichoma sindano ya ganzi, lakini mimi nilikuwa nimekufa ganzi tangu Tabora. Maumivu ya kifua yalinianzia dukani kwangu Isevya, nikipanga vitenge. Mke wangu akasema ni vidonda vya tumbo tu, akaniletea maziwa. Nikanywa. Hospitalini walipopima moyo wakasema ni mshtuko, wakanipa dawa, kisha wakanipakia kwenye gari la wagonjwa kwenda Dodoma kwenye mashine ya kuzibua mishipa ya moyo. Njia nzima nilitazama paa la gari. Sikuogopa, sikuwaza hata watoto. Nilikuwa gunia, basi.

Huko Dodoma, nikiwa nimelazwa kwenye meza ya mashine, muuguzi mmoja wa makamo akaniuliza kabila. Nikamwambia Mnyamwezi. Kumbe yeye Mzaramo, na Wazaramo ni watani wetu! Akaanza papo hapo: ati babu zangu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, leo mjukuu kashindwa kubeba moyo wake mwenyewe. Akasema nikifa atakuja kulala kaburini mwangu, na hatoki mpaka ndugu zangu wamtoe kwa hela. Mtani ana haki yake, sikumkasirikia. Sikucheka pia. Nilimsikia kama redio ya jirani.

Daktari akapitisha waya mkononi mpaka moyoni, akaweka stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa usizibe. Kwenye skrini mshipa ukaonekana mpana. Nikadhani tumemaliza. Akasema bado, anataka kuutazama kwa ndani, akaingiza ultrasaundi nyembamba kama uzi. Ikaja picha ya duara, ya kijivu. Akaisogelea, akamwonyesha muuguzi kwa kidole: upande mmoja wavu haukugusa ukuta wa mshipa. Hakunificha. Alisema tukiuacha hivyo, damu inaweza kuganda palepale na moyo ukasimama.

Muuguzi akanyamaza.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mtani hutania hata msibani, maiti ikiwa bado ndani. Huyu wangu ameona nini hata akose neno? Ghafla nikawataka watoto wangu, nikamtaka mke wangu na maziwa yake. Wallahi, nilitaka kuishi.

Wakaingiza puto, wakalijaza kwa nguvu zaidi ili wavu utanuke. Kifua kikabana, nikauma meno. Puto likatolewa, ultrasaundi ikarudi ndani, picha ya duara ikatokea tena. Wote wakaitazama. Nikauliza kwa sauti ambayo sikuitambua, "Mtani, mbona kimya?"

Akamtazama daktari. Daktari akaitikia kwa kichwa.

"Nilishachagua kanga ya kujifunga msibani kwako," akasema. "Umenitia hasara, mtumwa wangu."

Nikalia. Mikono yangu ilikuwa imefungwa, kwa hiyo akanifuta machozi yeye, huku akiniuliza kama Wanyamwezi wote hulia hivi.